Redio ya Mama Isizime: Betri za Kuchajiwa Katika Nyumba za Garissa

Jioni ya tarehe 29 Shaabani tulikuwa wageni wa jamaa zetu wa Bulla Iftin, mjini Garissa. Umeme ulikuwa umekatika tangu alasiri. Sala ya magharibi ilikuwa imekwisha, watoto wameketi juu ya mkeka, na redio ya bibi wa nyumba, ambaye wajukuu wote humwita ayeyo, imewekwa juu ya sanduku karibu na mlango. Sote tulikuwa tukingoja neno moja: je, mwezi wa Ramadhani umeandama? Mtangazaji akaitaja Ofisi ya Kadhi Mkuu, akaanza kusoma taarifa, na papo hapo sauti ikafifia, ikakwaruza, ikakatika.

Ayeyo akafungua kifuniko cha nyuma, akayatoa mawe manne, akayagonga sakafuni, akayang'ata moja baada ya jingine kama alivyozoea tangu ujana wake malishoni, kisha akayarudisha. Redio ikasema maneno matatu, ikanyamaza. Mjukuu mmoja akakimbia chumbani kuleta kijiredio chake cha kuchajiwa. Nacho kilikuwa kitupu. Kilisahauliwa dirishani tangu wiki iliyopita, na jua lilikuwa limekivimbisha mgongo. Habari ya mwezi tukaipata kwa jirani aliyepaza sauti kutoka upande wa pili wa ua.

Usiku ule hatukupata hasara kubwa, alhamdulillahi. Tulisali tarawehe na watu wote. Lakini tulilala tukiwaza: nyumba ilikuwa na redio mbili, moja ya mawe na moja ya kuchajiwa, na zote mbili zilishindwa kwa saa moja iliyohitajiwa. Ya kwanza ilishindwa kwa kuwa mawe yamekwisha. Ya pili ilishindwa kwa kuwa hakuna aliyeelezwa jinsi ya kuitunza. Ndiyo maana wiki hii tumeona tuandike juu ya betri.

Sauti katika nchi ya sauti

Msomaji wa Mombasa, Malindi au Lamu anaweza kuuliza: redio ni nini siku hizi, na kila mtu ana simu? Aliyefika Garissa, Wajir na Mandera hulijua jibu. Ndugu zetu wa Kisomali ni watu wa neno la mdomo. Lugha yao haikupata maandishi rasmi ya serikali ya Somalia ila mwaka 1972, na kabla ya hapo na baada yake shairi, nasaha na habari zilisafiri kwa sauti. Idhaa ya Kisomali ya BBC ilianza mwaka 1957, na ikawa desturi wazee kukusanyika jioni kuisikiliza. Ilipokuja kaseti, mashairi yakaanza kupita kutoka mji hadi mji na kutoka kambi hadi kambi ya wafugaji. Ule mjibizano mkubwa wa washairi wa mwaka 1979 na 1980 uitwao Deelley ulienea kwa kanda watu walizonakiliana wao kwa wao.

Na Qur'ani tukufu nayo ilikuja kwa njia hiyo. Sheikh Mahmoud Khalil al-Husary wa Misri alirekodi kisomo kamili cha murattal mwaka 1961, na tangu hapo sauti za maqari zimeingia katika nyumba ambazo hazikuwahi kumwona hata mmoja wao. Leo juzuu zote 30 huenea katika kadi ndogo kuliko ukucha, inayotiwa katika kijiredio kinachobebwa kiganjani. Mama aliye jikoni husikiliza darsa ya tafsiri, na mtoto aliyetoka dugsi, yaani chuo cha Qur'ani, hurudia hifdhi yake nyuma ya sauti ya qari.

Tena redio huokoa. Mwishoni mwa mwaka 2006 homa ya Bonde la Ufa ilizuka Garissa, ikaua wanyama na watu. Hadi ilipotulia mwaka 2007 zaidi ya watu 150 walikuwa wamefariki nchini Kenya. Onyo la kutochinja mnyama mgonjwa na kutokunywa maziwa mabichi halikuweza kumfikia mfugaji kwa karatasi. Machi 2020 shule zilipofungwa kwa ajili ya Korona, masomo yalitangazwa kwa redio. Na mwezi wa Novemba 2023, mvua kubwa zilipoufurisha Mto Tana na barabara ya Garissa kuelekea Madogo ikafunikwa na maji, aliyekuwa na redio hai ndiye aliyejua ahame lini na apite wapi. Simu nayo huzima. Minara nayo hukosa umeme. Redio ndogo hula umeme kidogo sana, na ndiyo inayobaki ikisema baada ya vyote kunyamaza, iwapo tu betri yake ni nzima.

Jua lipo, waya haupo

Nje kidogo ya mji wa Garissa kuna kituo cha umeme wa jua chenye uwezo wa megawati zipatazo 54, kilichozinduliwa rasmi Desemba 2019. Ni cha fahari. Lakini umeme wake huingia katika gridi ya taifa, na gridi haijafika kila manyata. Miji ya Wajir na Mandera imetegemea vituo vyake yenyewe vya mitambo ya dizeli, vikiongezewa sola. Mradi wa serikali wa sola kwa maeneo yasiyo na gridi, uliopata fedha za Benki ya Dunia mwaka 2017, uliorodhesha kaunti 14. Humo zimo Garissa, Wajir na Mandera, na zimo pia Tana River, Lamu, Kilifi, Kwale na Taita Taveta. Kwa hiyo tunaposema habari za Garissa, mama wa Faza na mama wa Kipini asidhani hatumkusudii yeye.

Kwa miaka mingi jibu la nyumba hizi lilikuwa mawe, zile betri kavu kubwa. Mengi yalitengenezwa hapa Kenya, katika kiwanda cha Eveready cha Nakuru, hadi kiwanda hicho kilipofungwa mwaka 2014. Wenye uwezo waliunganisha redio kaseti na betri ya gari. Leo duka la Soko Mugdi limejaa vitu vingine: vijiredio vya kuchajiwa, spika ndogo za Qur'ani, visikizio visivyo na waya, tochi zenye redio ndani. Chombo kimebadilika. Sisi watumiaji ndio tuliobaki na mazoea ya mawe.

Mazoea hayo ni matatu: kulipiga na kuling'ata jiwe, kulianika juani, na kulitupa uani. Kwa jiwe la zamani yalikuwa mabaya kidogo. Kwa betri ya kuchajiwa yanaweza kuteketeza nyumba. Hili ndilo tunaloomba kila mama alishike.

Zijue betri zako

Kabla ya mazoea, tuzijue betri zenyewe. Nyumbani mwetu zinapatikana aina nne.

Ya kwanza ni jiwe kavu la zinki. Halichajiwi. Likitiwa katika chaja huvuja au hupasuka.

Ya pili ni betri ya nikeli, ambayo ubavuni huandikwa NiMH. Umbo lake ni lile lile la jiwe dogo la AA au AAA, nayo huchajiwa mara mamia. Volti yake ni 1.2, ilhali ya jiwe ni 1.5. Wengi huiogopa kwa ajili hiyo, lakini redio nyingi huikubali, kwa kuwa jiwe nalo hushuka hadi volti hizo hizo mapema katika matumizi yake. Tofauti ni kwamba jiwe hufifia polepole na kukupa notisi, na betri ya nikeli husema kwa nguvu moja hadi mwisho, kisha hukatika ghafla. Kwa hiyo mwenye redio ya nikeli awe na seti ya pili iliyojaa. Tena nikeli ya kawaida hupoteza chaji hata ikikaa bure, na katika joto hupoteza upesi zaidi. Tangu mwaka 2005 kumekuwa na aina inayohifadhi sehemu kubwa ya chaji yake kwa mwaka mzima. Dukani iulize kwa maneno hayo, au tafuta iliyoandikwa kwamba huuzwa ikiwa imeshachajiwa.

Ya tatu ni lithiamu, yenye volti 3.7. Iliingia sokoni mwaka 1991, na wanasayansi watatu walioijenga walipewa Tuzo ya Nobel ya Kemia mwaka 2019. Ndiyo iliyo ndani ya simu, spika na visikizio. Katika vijiredio vyetu huja kwa sura mbili: ile bapa ya BL-5C, iliyoanzia katika simu ndogo za Nokia, na ile nene ya mviringo iitwayo 18650, kwa kuwa upana wake ni milimita 18 na urefu wake 65. Ina nguvu nyingi kwa uzito mdogo, na hasira nyingi vile vile ikidhulumiwa. Iko pia lithiamu yenye umbo sawa na jiwe la AA, iitwayo 14500. Usiitie hiyo katika redio ya mawe, kwani volti zake ni zaidi ya mara mbili.

Ya nne ni betri ya risasi na tindikali, ile ya gari na pikipiki. Nayo huchajiwa, na madhara yake tutayaeleza tukifika mwisho wa betri.

Zoea la kwanza: kugonga na kung'ata

Kwa nini jiwe lililozima husema tena kidogo likigongwa au kung'atwa? Ndani yake mna uji wa kemikali uliokaukiana. Ukiliminya, kilichobaki hugusana upya kwa dakika chache. Hakuna nguvu mpya iliyopatikana. Na ganda la zinki huwa limeshaliwa likawa jembamba, hivyo maji yanayounguza huingia mdomoni. Watoto wanatutazama, nao huiga.

Sasa fikiria mtoto huyo anaing'ata betri bapa ya kijiredio. Ndani ya lithiamu mna karatasi nyembamba zilizokunjwa, zimetenganishwa kwa utando laini kuliko ngozi ya kitunguu. Utando huo ukitobolewa, pande mbili hugusana, betri huchemka kwa nukta chache, hutoa moshi wenye sumu na kushika moto. Katika nyumba ya mawe mtu aweza kuitupa nje. Katika aqal, nyumba ile ya vijiti na mikeka ya wafugaji, moto hauna subira.

Basi betri ya kuchajiwa haigongwi, haing'atwi, haitobolewi, wala haifunguliwi kwa kisu na kijana anayejifunza ufundi. Ikianguka kwa kishindo, iangaliwe. Ikivimba, kama ile tuliyoiona dirishani, kazi yake imekwisha: iache kuchajiwa, itolewe kwa upole, iwekwe nje ya nyumba ndani ya debe la mchanga mkavu. Usiiminye irudi bapa.

Na tuongeze neno juu ya betri zile ndogo mfano wa kitufe, zilizo katika rimoti na vitu vya kuchezea vyenye sauti. Mtoto akimeza moja, si jambo la kungoja asubuhi. Ikikwama kooni yaweza kuunguza ndani ya saa mbili. Mpelekeni hospitali papo hapo.

Zoea la pili: kuanika juani

Mawe yaliyochoka huanikwa juani, au huwekwa kando ya jiko, na kweli hupata uhai wa robo saa, kwa kuwa joto huharakisha kemikali iliyobaki. Kutokana na zoea hili watu wameamini kwamba betri hupenda jua. Lipendalo jua ni kioo cha sola. Betri hulichukia.

Garissa si Limuru. Mchana wa nyuzi 35 ni jambo la kawaida hapa, na chini ya mabati au ndani ya gari lililofungwa joto hupita hapo mbali. Betri nyingi za lithiamu hazitakiwi kuchajiwa zikiwa na joto la zaidi ya nyuzi 45. Nikeli nayo haijai sawasawa ikiwa moto. Na betri yoyote inayoishi katika joto huzeeka upesi: iliyotarajiwa kudumu miaka mitatu huchoka kwa mmoja, kisha muuzaji hulaumiwa.

Kosa kubwa zaidi ni la redio zenye kioo kidogo cha sola juu ya mgongo wake. Muuzaji husema, iweke juani itajichaji yenyewe. Itajichaji, naam, huku betri ikiokwa chini ya kioo hicho. Ni heri kutumia kioo cha sola kilicho mbali, chenye waya mrefu. Kioo kikae juu ya paa au uani. Waya uingie ndani. Redio ikae kivulini, sakafuni, karibu na mtungi wa maji lakini pakavu, mahali ambapo mama mwenyewe angependa kulala mchana. Aliye safarini na mifugo na aifunge betri ndani ya nguo katikati ya mzigo, asiitundike ubavuni mwa ngamia.

Wakati wa kuchaji nao una adabu yake. Chaji pale ulipo macho. Usichaji chini ya mto wala juu ya godoro, wala kando ya mtoto aliyelala. Tumia chaja ya aina ya betri yako; ya nikeli na ya lithiamu si ndugu. Usichanganye betri kuukuu na mpya katika redio moja, wala nikeli na jiwe kavu. Betri ya nikeli ya miliampea-saa 2,000 katika chaja ya polepole ya miliampea 200 huhitaji kiasi cha saa 14. Chaja bora hujizima yenyewe ikijaa. Lithiamu haipendi kuachwa tupu kabisa, wala kukaa imejaa wiki nyingi bila kutumiwa. Kijiredio kinachowekwa akiba ya msimu wa mvua kiwekwe na chaji ya nusu, kikaguliwe kila mwezi, na mawingu ya kwanza yakionekana kijazwe.

Jambo moja kwa wanaosikiliza mawimbi ya kati na mawimbi mafupi: chaja na vifaa vya sola vya bei rahisi hutoa mngurumo unaoziba idhaa. Ukisikia kelele, chomoa chaja na usogee mbali, kabla hujamwita fundi.

Hesabu ya mama na hila za soko

Je, kweli betri za kuchajiwa ni nafuu? Tuchukue mfano, na kila mama abadilishe bei kwa zile za duka la mtaani kwake. Redio inayokula mawe makubwa 2 kila wiki 2 hula mawe 52 kwa mwaka. Kwa shilingi 50 kila moja, ni shilingi 2,600, na mwaka wa pili hali kadhalika. Mwenzake akanunua betri 4 za nikeli kwa shilingi 1,000 na chaja kwa shilingi 1,000. Ametoa 2,000. Inaonekana amefaulu.

Lakini akiwa hana umeme, hupeleka betri dukani kuchajiwa. Kwa shilingi 20 kila mara, mara mbili kwa wiki, atalipa 2,080 kwa mwaka, na jumla yake ni 4,080. Nafuu imeyeyuka. Akiongeza kioo kidogo cha sola, tuseme cha shilingi 1,500, mwaka wa kwanza atakuwa ametumia 3,500 na wa pili hatatoa kitu. Kwa miaka miwili yeye ametoa 3,500 na mwenye mawe 5,200. Ziada ni shilingi 1,700. Majirani wanne wakishirikiana kioo kimoja na chaja moja, nafuu huja mapema zaidi. Vyama vya kina mama wa mtaa vinavyokusanya fedha kila wiki vinaweza kulifanya hili bila ya mfadhili yeyote.

Sasa hila. Ubavuni mwa betri huandikwa miliampea-saa, yaani kipimo cha akiba iliyomo. BL-5C ya asili ni 1,020. Redio inayotumia miliampea 100 itakwenda nayo kiasi cha saa 10. Ukipandisha sauti ikatumia 200, ni saa 5. Kusikiliza kwa sauti ya chini ni akiba na ni ihsani kwa jirani. Ukiiona betri ya 18650 imeandikwa 9,900, ujue umedanganywa: zilizo bora miongoni mwazo kwa miaka mingi hazikupita 3,500 hivi. Mzani wa sonara waweza kukusaidia, kwa kuwa ya kweli huwa na uzito wa karibu gramu 45. Ya uongo mara nyingi huwa nyepesi mno. Anayeandika uongo juu ya bidhaa anaghushi, na Mtume wetu, rehema na amani zimshukie, aliwakana wenye kughushi. Mwenye duka na alikumbuke hilo anapoagiza mali.

Wala tusidhani jina kubwa ni kinga peke yake. Agosti 2007 Nokia yenyewe ilitoa tahadhari juu ya betri milioni 46 za BL-5C zilizotengenezwa na kampuni nyingine kwa niaba yake, kwa kuwa baadhi ziliweza kupata moto mkali zikichajiwa, ikajitolea kuzibadilisha. Kampuni iliyojulikana ilipatikana, ikawajibika. Betri isiyo na jina utamrudishia nani?

Zoea la tatu: kutupa uani

Jiwe lililokwisha hutupwa jalalani, au hupewa watoto wacheze, au huchomwa na taka. Betri ya kuchajiwa haiwezi kufanyiwa hivyo. Lithiamu ikitiwa motoni hulipuka. Na ile ya gari ina risasi, ambayo ni sumu ya ubongo wa mtoto hata kwa kiasi kidogo.

Watu wa Pwani hatuna haja ya kusimuliwa. Katika kijiji cha Owino Uhuru, Mombasa, kiwanda cha kuyeyusha betri za gari kuukuu kilifanya kazi kuanzia mwaka 2007 hadi 2014 ukutani mwa makazi ya watu. Watoto walikutwa na risasi katika damu. Mama mmoja aliyekuwa mfanyakazi wa hapo, Phyllis Omido, aliligundua hilo kwa kuugua kwa mtoto wake mwenyewe, akasimama na jirani zake hadi mahakamani. Mwaka 2020 mahakama ya Mombasa iliwaamulia wanakijiji fidia ya shilingi bilioni 1.3, na baada ya safari ndefu ya rufaa Mahakama ya Juu ikairejesha hukumu hiyo Desemba 2024. Fedha haziwezi kuirudisha akili ya mtoto iliyoharibika.

Na yanayofanywa kiwandani kwa wingi hufanywa nyumbani kwa uchache. Yupo avunjaye betri ya zamani uani, akayeyusha risasi kwa sufuria ili apate chubwi za nyavu. Sufuria hiyo isirudi jikoni kamwe, na kazi hiyo isifanywe mahali watoto wachezapo. Bora isifanywe kabisa.

Mto Tana upitao Garissa ndio ule ule uishiao Kipini. Kinachotupwa ukingoni Bulla Punda, mafuriko hukibeba. Kanuni ya dini yetu inakataza kudhuru na kudhuriana, wala haikusema kwamba anayeishi chini ya mto si jirani.

La kufanya si gumu. Kila madrasa na kila msikiti uweke debe lenye kifuniko, mahali pakavu pasipofikwa na jua. Ncha za betri za lithiamu zibandikwe utepe wa gundi kabla ya kutiwa humo, zisigusane. Betri za gari zirudishwe kwa muuzaji, ambaye hununua kuukuu kwa uzito. Debe likijaa, basi zinazokwenda Nairobi zipo kila siku, na huko kipo kituo cha WEEE Centre kinachopokea taka za vifaa vya umeme. Kamati za misikiti yetu zimesimamia makubwa kuliko hili.

Kabla hatujaagana

Asubuhi ya Ramadhani mosi tulikaa na ayeyo baada ya sala ya alfajiri. Kijana akaitoa ile betri iliyovimba kwa taratibu, akaizika ndani ya debe la mchanga uani, na tukaenda naye Soko Mugdi. Jamaa zetu walituambia kwamba kwa Kisomali mugdi ni giza na iftin ni nuru, wakacheka kwamba tulitoka mtaa wa nuru kwenda soko la giza kutafuta chaji. Tukarudi na betri nne za nikeli, chaja inayojizima, na waya mrefu wa kutoka kwenye kioo cha sola kilichokuwa kikiwasha taa tu.

Ayeyo aliziangalia betri mpya, akazipima kwa kiganja, akauliza: "Hizi nazo zikichoka, ning'ate wapi?" Tukamwambia: hizi ayeyo, ukizing'ata zitakung'ata. Akacheka, akasema basi atazitendea kama anavyoitendea miwani yake. Kwa mama wa miaka yake, tusingeweza kuandika nasaha bora kuliko hiyo.

Tunakuombeni basi, wasomaji wetu, kabla ya Ijumaa ijayo mfanye mambo matatu. Fungueni kifuniko cha kila redio na spika iliyomo nyumbani, mtazame kama kuna betri iliyovuja au kuvimba. Chagueni mahali pamoja pa kivuli pawe pa kuchajia, na kila mtoto apajue. Na wekeni debe la betri zilizokwisha. Kisha kisomo kikiwa hakina msikilizaji, kizimwe. Qur'ani ina adabu ya kusikilizwa, na chaji nayo ni neema isiyofaa kufanyiwa israfu.

Tunamwomba Mwenyezi Mungu azihifadhi nyumba zetu na moto, aziponye ardhi zetu na sumu, na atujaalie kuusikia mwezi ujao wa kheri tukiwa na afya, sisi na jamaa zetu wa Kaskazini Mashariki. Amin.